Je, Sasisho Liwashe Upya Huduma Bila Kuuliza?

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wasimamizi wa mifumo na waandaaji wa vifurushi vya programu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliozuiwa na zamu za kazi. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na pale zilipobeba maana nimeieleza kwa maneno.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wasimamizi wenzangu, ndugu zangu waandaaji wa vifurushi, nanyi vijana ambao ndio kwanza mnakabidhiwa funguo za seva:

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo mtu asiye wa kazi yetu angeliona dogo, nalo ni hili: programu inaposasishwa kwenye seva, je, huduma inayoendeshwa na programu hiyo iwashwe upya papo hapo, pasipo kumwuliza mtu, au iachwe iendelee mpaka mwenye seva aamue mwenyewe? Nimezilinda seva za watu kwa miaka mingi, na majibu yote mawili yamewahi kuniumiza. Kwa hiyo sitawazungusha. Naamini sasisho linapaswa kuwasha upya huduma, na hiyo ndiyo iwe desturi ya mfumo wowote ambao mwenyewe hajaagiza vinginevyo. Naamini vilevile kwamba saa ya kufanya hivyo ni haki ya mwenye huduma, na kwamba akiichelewesha, deni hilo liandikwe mahali ambapo kila anayehusika ataliona.

Tuanzie ndani ya mashine yenyewe, maana mabishano mengi niliyoyasikia juu ya jambo hili yanatoka kwa watu ambao hawajawahi kutazama kinachotokea pale. Unapotoa amri ya kusasisha, kifurushi kipya kinapakuliwa, kinafunguliwa, na faili mpya inachukua jina la faili ya zamani kwenye diski. Jina limehamia kwa mwingine, lakini faili ya zamani haijafa. Kwenye Linux na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, faili iliyonyang'anywa jina huendelea kuwepo kwenye diski maadamu upo mchakato hata mmoja, yaani programu iliyo kazini, ulioishika, na hutoweka pale tu mchakato wa mwisho unapoiachia. Huduma iliyowashwa miezi sita iliyopita itaendelea kutekeleza msimbo wa miezi sita iliyopita, hata kama umesasisha mara kumi katikati. Ukiuliza orodha ya vifurushi, utajibiwa kwamba toleo lililopo ni jipya. Ukiuliza mchakato wenyewe, utapata jibu tofauti: fungua faili iitwayo maps ya mchakato huo chini ya /proc, uteremke mpaka kwenye jina la maktaba uliyoisasisha, yaani msimbo wa pamoja unaotumiwa na programu nyingi, na mwishoni mwa mstari utakuta neno la Kiingereza lenye maana ya «imefutwa». Nilipoonyesha mstari huo ukumbini nilisikia watu wakiguna. Walikuwa wameuona kwa mara ya kwanza, na ninajua kwamba baadhi yao walikuwa wanaiwazia seva moja mahsusi walikotoka.

Sasa, je, mstari huo una madhara gani kwa mtu wa kawaida? Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro katika maktaba ya OpenSSL, inayosimba mawasiliano ya seva, ikapewa jina la Heartbleed. Ilikuwa ndani ya matoleo ya 1.0.1 hadi 1.0.1f. Mtu yeyote aliyeweza kuifikia seva aliweza kuitumia ujumbe mfupi wa kupima kama muunganisho ungali hai, akadai kwamba ujumbe wake ni mrefu kuliko ulivyo, na seva ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake. Aliweza kurudia kadiri alivyotaka. Ndani ya vipande hivyo mliweza kuwa na nywila za watumiaji, barua zao, hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Toleo lililoziba tundu hilo, 1.0.1g, lilitoka siku hiyohiyo.

Siku ile nilikuwa na orodha ya seva 23. Nilizipitia moja baada ya nyingine, nikasasisha, nikatia alama. Jioni, karatasi yangu ilikuwa imejaa alama na moyo wangu umetulia. Ndipo kijana mmoja, mdogo wangu kikazi, akaniuliza kwa adabu: «Kaka, na zile za barua pepe nazo umeziwasha upya?» Seva za tovuti nilikuwa nimeziwasha upya zote, kwa sababu kila mtu siku ile alizungumzia tovuti. Huduma za barua pepe, ambazo zilitumia maktaba ileile kwa usimbaji uleule, sikuzikumbuka. Tuliketi tukaijaribu mojawapo kwa chombo cha kupimia kasoro. Kwenye skrini vikaja vipande vya kumbukumbu, na katikati ya takataka zisizosomeka tukaona jina la mtumiaji likifuatiwa na nywila yake, herufi kwa herufi. Kifurushi kilikuwa kipya kwa saa saba nzima, na kwa saa saba nzima tundu lilikuwa wazi. Mpaka leo siwezi kukwambia ni nani mwingine aliyechungulia ndani ya saa hizo.

Waandaaji wa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, waliliona tatizo hilohilo. Tangazo lao la kwanza la usalama kuhusu Heartbleed lilikuwa na namba DSA-2896-1, na muda mfupi baadaye wakatoa la pili, DSA-2896-2. Lile la pili lilikuja kwa ajili ya jambo moja: kifurushi sasa kilikagua ni huduma zipi kwenye mashine zilizoelekea kutumia OpenSSL, kisha kikapendekeza ziwashwe upya wakati wa kusasisha, ili marekebisho yafike kweli mahali palipokusudiwa. Nataka mfikirie maana ya hatua hiyo. Watu walioijua kazi yao kuliko wengi wetu waliona kwamba kuweka faili sahihi kwenye diski hakutoshi, na wakatoa tangazo zima la pili kwa ajili ya kuwasha upya tu.

Wapo miongoni mwetu wanaojibu hivi: sawa, huduma isiyowashwa upya inabaki na kasoro ya zamani, lakini angalau inabaki imara, kwa kuwa haijaguswa. Ndugu zangu, hapa ndipo penye kosa ambalo ningependa tuliache ukumbini humu. Huduma isiyowashwa upya baada ya sasisho imeguswa. Sakafu imebadilishwa chini ya miguu yake, nayo haijaambiwa.

Chukueni mfano wa maktaba kuu ya lugha ya C, ile glibc ambayo karibu kila programu kwenye Linux inaitegemea. Maktaba hiyo ina sehemu inayotafuta majina: ya watumiaji, ya vikundi, ya mashine mtandaoni. Sehemu hiyo hupakia vipande vyake kutoka kwenye diski pale vinapohitajika, wala si mwanzoni. Sasa fikirini mchakato wa zamani, ulio na nusu ya maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu, unaoamka usiku kutafuta jina la mtumiaji na kukuta kwenye diski kipande cha toleo jipya. Nusu ya zamani na nusu mpya hazielewani. Matokeo yake ni kwamba huduma iliyokuwa ikifanya kazi inashindwa kumtambua mtu anayeingia, na hakuna aliyeigusa siku hiyo. Ndiyo sababu, kwa miaka mingi, kusasisha glibc kwenye Debian kumekuja na swali la kama huduma ziwashwe upya bila kuulizwa tena, pamoja na onyo kuhusu programu za kufunga skrini kama xscreensaver: ukisasisha huku skrini imefungwa, huenda usiweze kuifungua kwa nywila yako mwenyewe. Mtu amefungiwa nje ya kompyuta yake kwa sababu programu iliyomfungia ilibaki ya jana katika mfumo wa leo.

Kivinjari cha Firefox nacho kinatoa somo hilohilo kwa njia ambayo wengi wenu mmeiona. Kikisasishwa na mfumo huku kikiwa wazi, kuna wakati unafungua ukurasa mpya kikakataa na kukwambia lazima ukiwashe upya kwanza. Watu hulalamika. Mimi nakisifu. Kila ukurasa mpya unaweza kuhitaji mchakato mpya, na mchakato mpya ungetoka kwenye faili mpya, wakati mzazi wake ni wa zamani. Waliokiandika waliona heri kusimama na kusema ukweli kuliko kuendelea nusunusu. Ni huduma ngapi za seva zenye ujasiri wa namna hiyo? Nyingi huendelea nusunusu, kimya, mpaka siku zinapoanguka.

Hayo ndiyo yanayonifanya niseme ndiyo. Lakini ningekuwa nawadanganya kama ningeishia hapo, kwa sababu kuwasha upya nako kuna gharama, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakuwepo wakati wa kuamua.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilitaka kusasisha programu ya kuhariri maandishi kwenye seva moja. Ilikuwa alasiri. Badala ya kutaja kifurushi kimoja nilitoa amri ya kusasisha vyote, kama tulivyozoea sote. Miongoni mwa vyote hivyo ilikuwamo PostgreSQL, programu ya hifadhidata, sasisho dogo tu la marekebisho. Hati ya usakinishaji ikafanya kazi yake barabara: ikaisimamisha hifadhidata, ikaiwasha. Sekunde chache. Mimi nikaendelea na kazi zangu.

Baada ya dakika kumi, mama mmoja wa idara ya hesabu alisimama mlangoni pangu. Hakugomba. Aliuliza tu: «Mwanangu, mmegusa nini?» Kazi ya kufunga hesabu za mwezi ilikuwa imeendelea kwa zaidi ya saa nne ndani ya muamala mmoja. Muunganisho ulipokatika, hifadhidata ilifanya kile inachopaswa kufanya: ilirudisha kila kitu kilipokuwa kabla ya kuanza. Hakuna takwimu iliyoharibika, na kwa hilo naisifu. Lakini saa nne za yule mama zilikuwa zimekwenda, na akaanza upya huku hifadhidata ikiwa nzito kuliko asubuhi, kwa kuwa kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa tupu na kila kitu kilipaswa kusomwa upya kutoka kwenye diski. Aliondoka ofisini usiku. Nilimsindikiza hadi langoni na sikuwa na la kumwambia.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwandaaji wa kifurushi anaijua programu, pengine kuliko mtu yeyote duniani. Hajui kwamba kwenye mashine fulani, mwisho wa mwezi, kuna kazi ya saa nne isiyovumilia kukatwa. Hawezi kujua. Na kwa kuwa hawezi kujua, hana haki ya kuchagua saa.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, nao uko hadharani kwa sababu kampuni yenyewe iliueleza kwa uwazi unaostahili heshima. Tarehe 8 Machi 2023, kuanzia saa 06:00 UTC, sasisho la usalama la systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, lilijisakinisha lenyewe kwenye mashine pepe za kampuni ya Datadog, inayofuatilia hali ya mifumo ya wateja wake, zilizotumia mfumo wa Linux uitwao Ubuntu 22.04. Sasisho hilo liliiwasha upya systemd-networkd, huduma inayosimamia mtandao wa mashine. Ilipoamka, huduma hiyo ilizikuta njia za mtandao ambazo haikuziweka yenyewe, yaani zile zilizowekwa na Cilium kwa ajili ya mtandao wa kontena (programu zilizofungwa kila moja katika mazingira yake), ikazifuta. Mashine zikapotea mtandaoni. Hazikuwa mia, wala elfu moja. Zilikuwa makumi ya maelfu.

Tafadhali tazameni mambo mawili katika tukio hilo. La kwanza: mashine mpya iliyowashwa kwa mara ya kwanza haikuonyesha tatizo hilo kamwe, kwa sababu wakati wa kuwaka huduma ya mtandao hutangulia na njia za kontena hufuata, kwa hiyo hapakuwa na cha kufuta. Kuwasha mashine na kuwasha upya huduma ndani ya mashine inayofanya kazi ni mambo mawili tofauti, na aliyejaribu la kwanza tu hajajaribu la pili. Ni wangapi kati yetu hujaribu la pili?

Jambo la pili linanigusa zaidi. Mashine zile zilikuwa katika maeneo tofauti ya dunia, kwa watoa huduma za wingu tofauti, zimetenganishwa kwa makusudi ili sehemu moja ikianguka zisianguke zote. Lakini zote zilikuwa na saa moja ya kusasishwa. Utengano uliogharimu fedha na akili nyingi ulivunjwa na ratiba ambayo huenda hakuna aliyeifikiria, kwa kuwa ilikuja na mfumo ulivyokuwa. Baadaye walizima njia hiyo ya masasisho ya kujiendesha. Ningekuwa mahali pao ningefanya vivyo hivyo asubuhi ile. Hata hivyo, somo ninalolibeba kutoka pale halisemi kwamba huduma zisiwashwe upya. Linasema zisiwashwe zote kwa pamoja. Mashine tano leo, utazame, hamsini kesho, utazame, zilizobaki baadaye. Tunalijua hili kwa programu tunazoziandika wenyewe, na tunalisahau kwa mfumo unaozibeba.

Sasa, kuna jibu la tatu ambalo watu wapole hulipendelea: mfumo usiwashe upya bila idhini, wala usinyamaze, umwulize mtu. Linasikika kuwa la haki. Nami niliwahi kulitetea. Lakini niwaulize: nani anayejibu?

Ubuntu 22.04 ilipotoka, toleo lake la seva lilikuja na chombo kiitwacho needrestart. Baada ya kusasisha, kiliorodhesha huduma zilizoshika maktaba za zamani na kufungua dirisha katikati ya skrini: chagua zipi ziwashwe. Nia ilikuwa njema, na orodha yenyewe ni ya thamani kubwa. Mimi huitumia kila wiki. Lakini nilimtazama mwenzangu mmoja akisasisha seva nane mfululizo. Kwenye seva ya kwanza aliisoma orodha, akaondoa alama moja, akafikiri, akairudisha. Kwenye ya pili alisoma mistari miwili ya juu. Kuanzia ya tatu kidole chake kilikuwa kinasubiri juu ya kitufe cha kukubali kabla dirisha halijafunguka. Simlaumu hata kidogo. Swali linaloulizwa mara nane kwa dakika ishirini limekoma kuwa swali.

Na pale ambapo hakuna mtu kabisa? Hati za kuandaa seva mpya, zinazoendeshwa na mashine nyingine, zilikwama mbele ya dirisha lile zikisubiri kidole ambacho hakikuwepo. Watu wakajifunza kulizima. Katika Ubuntu 24.04 desturi ilibadilishwa: huduma zinazohitaji kuwashwa upya huwashwa zenyewe, isipokuwa zile zilizo kwenye orodha ya kuepukwa. Wengi walikasirika. Mimi niliona kwamba wamekubali ukweli ambao dirisha lilikuwa linauficha, kwamba seva nyingi duniani husasishwa saa ambayo hakuna binadamu anayezitazama, na kwamba swali lisilo na wa kulijibu hujibiwa na desturi. Kwa hiyo mzigo wote unaangukia kwenye desturi, na desturi yapaswa kumlinda yule asiyekuwepo: mwenye seva moja tu, mwenye kazi nyingine kumi, ambaye hajawahi kusikia neno needrestart na hatalisikia. Mtu huyo akikatiwa muunganisho kwa sekunde tatu usiku wa manane, huenda asijue. Akiachiwa tundu wazi kwa mwaka mzima, atajua kwa njia mbaya.

Nimetaja orodha ya kuepukwa, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Zipo huduma ambazo zikiwashwa upya huvuta nyingine zianguke nazo. D-Bus, ambayo ndiyo njia ya programu kuzungumza ndani ya mfumo, ni mojawapo. Ukiiondoa katikati ya siku, huduma zilizoitegemea hubaki zikizungumza na ukuta. Kidhibiti cha skrini ya kuingilia ni kingine. Ukikiwasha upya, madirisha yote ya mtumiaji hufungwa na kazi ambayo hakuihifadhi hupotea. Na baada ya yale ya Machi 2023, nadhani kila mwenye kontena ataiongeza huduma ya mtandao. Kwa hizo, sasisho liseme wazi kwamba mashine nzima inahitaji kuwashwa upya, kisha lisubiri. Lakini orodha hiyo iwe fupi, na kila jina lililomo liwe na sababu. Nimeona seva ambazo kila huduma ilikuwa kwenye orodha ya kuepukwa. Hapo mmekubaliana kwamba sasisho ni la kwenye karatasi.

Waandaaji wa vifurushi, naomba niseme nanyi moja kwa moja, kwa kuwa mnabeba zaidi ya mnavyoshukuriwa. Namna ya kuwasha upya ina uzito sawa na uamuzi wenyewe. Kwa muda mrefu hati nyingi za Debian ziliisimamisha huduma kwanza, zikafungua kifurushi, zikasanidi, ndipo zikaiwasha; na kama usanidi ulikwama katikati kwa sababu ya kifurushi kingine kabisa, huduma ilibaki chini mpaka mtu aje. Kuanzia kiwango cha 10 cha debhelper, chombo cha kuandalia vifurushi vya Debian, desturi ni kuiacha huduma ifanye kazi mpaka kila kitu kiwe tayari, kisha kuiwasha upya kwa tendo moja. Badiliko dogo, lakini limeokoa dakika nyingi za watu. Vilevile, hakikisheni usanidi ni halali kabla hamjaizima huduma iliyo hai. Programu nyingi zina amri ya kujikagua: nginx na Apache za seva za tovuti zinayo, sshd ya kuingilia seva kutoka mbali inayo. Msimamizi aliyekosea herufi moja miezi mitatu iliyopita hakuona kosa lake, kwa sababu huduma iliendelea na usanidi uliokuwa tayari kwenye kumbukumbu. Sasisho lenu litakapoiwasha upya, itakataa kuwaka, na lawama itawafuata ninyi. Ikaguliwe kwanza, ikishindwa, iachwe hai na kelele ipigwe.

Nanyi mnaoandika huduma zenyewe: je, huduma yako inaweza kuwashwa upya mchana kweupe bila mtu kujua? Hili linawezekana, na limewezekana zamani. Wengi wenu mmewahi kusasisha SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, mkiwa ndani ya SSH. Huduma inawashwa upya, na bado mnaandika amri kwenye dirisha lilelile, kwa sababu kila kikao kina mchakato wake na anayewashwa upya ni yule anayesubiri mlangoni tu. Nginx huwaachia wafanyakazi wake wa zamani wamalize maombi waliyoyashika huku wapya wakipokea yanayoingia. Systemd inaweza kuushika mlango wenyewe wakati huduma imetoka, wageni wakasubiri kidogo kwenye foleni badala ya kufukuzwa. Nusu ya ubishi wetu wa leo ungekwisha kama huduma nyingi zaidi zingeandikwa hivyo, na ni ubishi ambao wasimamizi hawawezi kuumaliza peke yao.

Nimebakiza lile deni. Kwenye Debian, msimamizi asiyetaka hati za usakinishaji ziguse huduma zake ana njia: anaweka faili ndogo iitwayo policy-rc.d, na ikijibu kwa namba 101, huduma haiguswi. Ni haki yake, na mtu asimnyang'anye. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya kukataa, mstari mmoja hupita kwenye skrini na kuzikwa kwenye kumbukumbu za usakinishaji, na basi. Kesho yake anayeshika zamu haoni chochote. Mkubwa wake akiuliza kama wamesasisha, jibu ni ndiyo, na kila aliyejibu ndiyo ameamini anasema kweli. Nataka kuahirisha kuonekane. Nataka orodha ya michakato inayoendesha msimbo wa zamani iwe mahali pamoja na orodha ya diski zinazojaa na vyeti vinavyokaribia kuisha muda, yenye tarehe ya deni kuanza na jina la aliyeahirisha. Vyombo vipo: needrestart hutoa taarifa bila kugusa kitu, checkrestart ipo, na kwa visasishi vya mifumo mingine ya Linux, dnf ina needs-restarting, zypper ina amri yake ya ps. Kwenye ofisi yangu ya sasa tumeunganisha taarifa hiyo na ubao tunaoutazama kila asubuhi. Wiki ya kwanza tulikuta huduma 41 zenye maktaba za zamani, na moja kati yake ilikuwa imewashwa mara ya mwisho na mtu ambaye alishaacha kazi.

Ile huduma moja tulibishana juu yake siku tatu. Kila mtu aliogopa kuiwasha upya, na hakuna aliyeweza kusema anaogopa nini. Mwishowe tulichagua saa kumi alfajiri ya Jumapili, tukawaarifu wanaoitumia, tukahifadhi nakala ya data, tukakaa wanne mbele ya skrini moja. Haikuwaka. Usanidi wake ulitaja folda iliyofutwa zamani. Tulikuwa na saa nne mbele yetu, chai, na watu waliojua kinachotokea. Tuliirekebisha kwa dakika 25. Umeme ungekatika Jumatano mchana, tungekutana na folda ileile bila lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa kila aliye humu ndani. Mkirudi kazini, endesheni chombo chochote kati ya hivyo nilivyovitaja kwenye seva mnayoiogopa kuliko zote, na mwandike kwenye karatasi huduma zitakazotokea. Kisha kabla ya mwisho wa mwezi huu, kwa saa mtakayoichagua wenyewe, mziwashe upya moja baada ya nyingine mkiwa macho. Mkutano ujao nitaomba nafasi ya kusikia mliyoyakuta, na wale ambao huduma zao hazikuwaka ndio nitakaotaka waanze kuzungumza.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.